Gisma Alipoketi Chini

Katika mji wetu wa Hajar Nimir, mashariki mwa Chad, mwanamke anaweza kumfukuza mwanamume nyumbani kwake bila kumgusa. Anahitaji wimbo tu. Wanawake wenye kipawa hicho tunawaita hakama. Hakama akikusifu sokoni, watu wanakupisha njia. Akikudhihaki, hata mkeo anakuwekea chakula bila kukutazama. Nimeona mtu mwenye zizi lililojaa ng'ombe akihama mji kwa sababu ya beti mbili.

Gisma binti Bichara alikuwa hakama tangu akiwa msichana. Wimbo wake wa kwanza aliutunga juu ya mjomba wake, aliyemkimbia fisi na kumwacha ndama. Mjomba hakumsamehe mpaka alipokufa, lakini watu waliucheka ule wimbo miaka ishirini. Sauti ya Gisma ilikuwa nzito kidogo, yenye mkwaruzo, na alipoimba alisimama juu ya kinu kilichopinduliwa, kama desturi inavyotaka, ili hata waliokaa mbali wamwone.

Aliolewa na Annadif, mchimba visima. Walioana kwa namna iliyowashangaza wengi, maana Gisma angeweza kumpata mtu mwenye farasi. Annadif alikuja kambini kwa baba yake Gisma kuchimba kisima kwenye mchanga wa mto mkavu, akakaa chini ya ardhi siku nne. Gisma alisimama ukingoni akamwimbia kwamba ameolewa na giza. Kutoka kule chini Annadif akacheka. Akacheka mpaka akashindwa kuchimba, akaomba aimbiwe tena. Gisma aliniambia baadaye kwamba hajawahi kuona mwanamume akidhihakiwa akafurahi vile. Walikaa pamoja miaka kumi na saba. Hawakujaliwa mtoto, na Annadif hakuwahi kulitaja hilo hata siku moja.

Visima vyetu havidumu. Kila masika mto unakuja na kuvifukia, na baada ya mafuriko vinachimbwa upya, ukuta ukizungushiwa matawi na kamba za nyasi ili mchanga usibomoke. Kwa hiyo kazi ya Annadif haikuisha, na jina lake halikuvuma. Watu walimkumbuka walipokuwa na kiu.

Ndipo ukaja Muungano.

Yalikuwa makundi manne ya waasi. Kila moja lilikuwa na mwenyekiti wake, bendera yake na muhuri wake. Walikutana sokoni kwetu mwaka ule wa kiangazi kirefu, wakachinja fahali mmoja, wakala sinia moja, wakatangaza kwamba wamekuwa kitu kimoja na kwamba wataiondoa serikali. Sisemi kwamba hawakuwa na sababu. Watu wetu walikuwa wameporwa mifugo na askari waliolipwa kuwalinda, na shule ilikuwa na mwaka wa tatu bila mwalimu wa serikali. Dhuluma ilikuwapo. Lakini mtu anaweza kuwa na sababu njema na moyo mbaya kwa wakati mmoja, na wale wenyeviti wanne walitazamana juu ya lile sinia kama wake wenza.

Walimwita Gisma aimbe. Akapanda juu ya kinu, wanawake wakapiga ngoma, naye akawataja wenyeviti wote wanne kwa majina, kisha akaimba:

Wanaume wa kweli wamepanda magari,
walio nyuma watwange mtama.
Atakayerudi kabla ya ushindi
nitamvika lafai yangu, nitampaka hina.

Lafai ni vazi letu la kike, lile refu la kujitanda. Vijana waliposikia hivyo walipanda magari bila kuaga mama zao. Siku ile walipanda thelathini na mmoja.

Mmoja wa wakubwa wa Muungano, Kanali Jido, alikuwa amekaa juu ya boneti ya gari lake akinywa chai. Akamwita kwa sauti, "Na mchimbaji wako je, hakama? Au wimbo wako hauingii kisimani?"

Soko zima likacheka. Annadif alikuwa palepale, kwenye duka la kamba, amechuchumaa akipima urefu wa kamba kwa mikono. Hakuinua uso.

Gisma angeweza kunyamaza. Angeweza kumgeuzia Kanali maneno, maana alikuwa na ulimi wa kutosha. Lakini alikuwa juu ya kinu, na watu wote walikuwa wanamtazama. Akaimba:

Annadif, toka shimoni, fuko wangu,
dunia iko huku juu.
Ukirudi bila ushindi mkononi
mlango wangu huujui.

Annadif alimaliza kupima kamba. Akailipia. Akaenda nyumbani, akaoga, akavaa kanzu yake ya sikukuu, akarudi na jembe na ndoo yake, akapanda gari la mwisho. Alipopita mbele ya mkewe alisema, "Unga uko kwenye gunia la nyuma. La mbele lina wadudu." 

Muungano ukapanda haraka. Katika miezi mitano waliteka miji sita, na redio za nje zikawataja kila jioni. Kaseti ya wimbo wa Gisma ilichezwa katika kila gari. Wageni walikuja kutoka mbali kumwona, wakimletea sukari na majani ya chai, na Gisma akajenga chumba cha pili. Wakati huo alitembea sokoni kama mke wa sultani. Namsema kwa sababu nilikuwapo, na kwa sababu yeye mwenyewe hakunikataza kusema.

Kisha wenyeviti wakaanza kulalamikia wimbo. Kila mmoja alimtuma mjumbe wake kwa siri. "Mbona Mwenyekiti wetu ametajwa wa tatu?" "Mbona huyu katajwa kwa jina la baba yake na wetu hakutajwa?" Gisma, ili asimuudhi mtu, akarekodi kaseti nne, kila moja ikianza na jina tofauti. Aliona ni werevu. Mimi naona Muungano ulianza kufa siku ile, kwa kuwa jeshi moja lilikuwa sasa linasikiliza nyimbo nne, na kila kundi liliamini kwamba lake ndilo la kweli.

Walifika karibu sana na mji mkuu, kiasi cha kuona taa zake. Hapo wakasimama siku mbili wakibishana nani ataingia ikulu kwanza. Siku ya tatu makundi mawili yakageuza magari, yakarudi mashariki. Yaliyobaki yakapigwa kwenye uwanda mtupu. Haukupita mwaka, jirani zetu wa ng'ambo ya mpaka, waliokuwa wakiwapa petroli, wakapatana na serikali na kufunga mapipa. Muungano ukabaki mihuri minne.

Wanaume wetu walirudi mmoja mmoja kwa miguu, wakipitia mashambani. Kati ya thelathini na mmoja, hai walikuwa kumi na wanne. Na watoto wa mji, ambao hawakujua lolote ila wimbo, waliwapokea kwa wimbo. Mmoja alikaa siku kumi, akaenda zake kaskazini kwenye machimbo ya dhahabu. Mwingine alikataa kutoka nyumbani hata kwa sala ya Ijumaa.

Annadif hakurudi. Gisma alianza kukonda. Alikuwa akipika asida, ugali wetu wa mtama, ya watu wawili na kumpa jirani nusu.

Mchuuzi wa mbuzi ndiye aliyeleta habari. "Mumeo yu hai, shangazi. Yuko Abu Zuraf, siku moja na nusu kutoka hapa. Anawachimbia wafugaji."

"Ana kidonda?"

"Mzima. Ndevu tu zimemshinda."

Gisma akampa mchuuzi bamia kavu na shati jipya, ampelekee. Baada ya wiki mbili mchuuzi alirudi na lile shati.

"Bamia amepokea," alisema, akitazama pembeni. "Shati amesema umwekee. Amesema, mwambie Gisma wimbo bado unaimbwa."

Siku ya pili Gisma alitandika punda.

Alimkuta ndani ya kisima, mahali pa kina cha watu wanne. Wafugaji waliokuwa wakivuta ndoo za mchanga walimtambua, wakaondoka kidogo. Gisma akapiga magoti ukingoni.

"Annadif."

Jembe likasita. "Nani?"

"Umekuwa na wake wangapi hata uulize?"

Ile sauti ikatoka chini, tulivu kama zamani. "Sogea nyuma. Ukingo huo haujafungwa matawi, utaniangukia."

"Nikuangukie tu. Panda juu twende nyumbani."

"Nimebakiza mikono miwili kufika maji."

"Nitangoja."

"Gisma, sikai huku kwa sababu ya mikono miwili."

Alipanda juu hata hivyo, akaketi kando yake, matope hadi kiunoni. Alikuwa amezeeka. Gisma alimfuta uso kwa ncha ya lafai yake, na yeye akamwachia kama mtoto anayesafishwa.

"Umenikasirikia," Gisma akasema.

"Nilikukasirikia siku tatu. Halafu gari letu likaishiwa maji, nikapata kazi." Akatabasamu. "Vita nzima sikupiga risasi. Nilichimba visima ishirini. Kila kundi lilitaka kisima kiwe upande wake."

"Basi kosa lako nini? Kwa nini hurudi?"

"Nyumba naitaka. Lakini njia ya nyumbani inapita sokoni."

"Tupite nyuma, kwa wafinyanzi."

"Leo nyuma, kesho nyuma. Nitachimba visima vya mji nikipita nyuma mpaka lini? Watoto wataimba."

"Nitawachapa."

"Utawachapa wa mji mzima? Umewafundisha mwenyewe, mke wangu. Na wanaimba vizuri."

Gisma akalia. Annadif hakumnyamazisha, alikaa tu karibu naye bega kwa bega. Kisha akashuka kumalizia mikono yake miwili, maana wafugaji walikuwa na ng'ombe wenye kiu.

Hakama anaweza kufuta wimbo wake. Desturi ipo, lakini katika maisha yangu nilikuwa sijaiona ikifanyika. Lazima afute mahali palepale alipoimba, siku ya soko. Hasimami juu ya kinu. Anaketi chini, ardhini, na kuyala maneno yake mbele ya watu. Kisha anaomba maji. Mtu mmoja miongoni mwa walioumizwa na wimbo akimpa maji, wimbo umekufa, na atakayeuimba anatozwa dume la mbuzi. Asipopewa hadi soko livunjike, wimbo unabaki, na yeye anaondoka na aibu zote mbili. Na kwa vyovyote vile si hakama tena. Hataitwa kwenye harusi wala tohara. Kinu chake kinageuzwa, kinatwangiwa mtama.

Gisma alirudi kutoka Abu Zuraf akakuta mgeni nyumbani. Kanali Jido alikuwa amefika na magari mawili, moja likivutwa na jingine.

"Mama yetu!" akamwamkia kwa heshima kubwa. "Muungano unafufuka. Safari hii makundi mawili tu, tena ndugu. Tunachokosa ni sauti yako. Siku ya soko panda kinuni, utupe wimbo mmoja, na wewe nitakutangaza Mama wa Mapinduzi. Kwa karatasi yenye muhuri."

"Mmoja tu?"

"Mmoja. Ila jina langu litangulie."

"Nitafika sokoni, Kanali," Gisma akasema. "Wewe nawe ufike."

Siku ya soko watu walijaa kuliko kawaida. Kanali alikaa juu ya boneti kama mwaka ule. Kinu kilikuwa kimepinduliwa tayari, wanawake wakaanza ngoma. Gisma alikuja, akakizunguka kile kinu, akaketi kwenye vumbi mbele yake.

Ngoma zikafa moja moja.

"Mama, panda," Kanali akanong'ona. "Watu wanatazama."

"Najua wanatazama. Ndiyo maana nimekaa."

"Unaniaibisha!"

"Shuka basi ukae na wewe. Ardhi inatosha."

Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha wengi, na Kanali akashuka kwenye boneti akajifanya anakagua gurudumu. Kicheko kilipokwisha Gisma akaimba. Hakuimba vizuri. Sauti yake ilitetemeka, na maneno hayakuwa na vina:

Nilisema nitawavika lafai waliorudi.
Ni mimi niliyestahili kuvikwa aibu.
Nilikuwa juu ya kinu, nikaona watu wadogo.
Nilimwita mume wangu fuko.
Yeye aliwapa maji, mimi niliwapa upepo.
Waliorudi, mmerudi, milango ni yenu.
Ambao hawakurudi, sina wimbo.

Akainamisha kichwa. "Naomba maji," akasema.

Hakuna aliyetikisika. Kulikuwa na mitungi ya maji kila mahali, kwa wauza chai, kwa wauza nyama. Nilisikia punda akipumua. Sitajisifu kwa jambo ambalo sikulifanya. Nami pia nilisimama tu. Jua likasogea. Wengine walirudi kwenye biashara zao, wakipima chumvi kwa sauti ya chini, wakimwacha mwanamke amekaa vumbini katikati ya soko kama mzigo usio na mwenyewe. Alasiri ilipoingia, midomo yake ilikuwa imepasuka.

Ndipo akaja Mastura. Mume wake na shemeji yake walipanda magari siku ile ya wimbo, na wote wawili wamelala kwenye ule uwanda karibu na mji mkuu. Alisimama mbele ya Gisma na kibuyu mkononi.

"Wangu je?" akauliza. "Wangu utamwimbia arudi?"

"Siwezi, dada."

"Mtoto wake ananiuliza baba ni jasiri au mjinga. Nimjibu nini?"

"Sijui. Mwambie mimi ndiye mjinga. Mwambie jina langu."

"Nilikuombea ufe," Mastura akasema. "Kila sala, mwaka mzima."

"Sikulaumu."

Mastura akakitazama kibuyu kikidondosha tone moja moja. "Mwaka ule wa homa," akasema hatimaye, "mume wangu yuko kitandani, kisima chetu kimefukiwa, mumeo alikuja akatuchimbia. Hakuitwa. Alikuja tu, akachimba, akaondoka kabla sijapika. Simpi Gisma maji haya. Nampa Annadif. Wewe yapokee kwa niaba yake."

Akamshikia kibuyu mdomoni. Gisma akanywa. Mastura akachukua kibuyu chake akaenda zake bila kugeuka. Mpaka leo hawasalimiani, na sidhani kwamba Mastura ana deni la salamu kwa yeyote.

Kanali Jido aliondoka jioni hiyo, gari moja likilivuta jingine. Hakuna kijana aliyepanda.

Mchuuzi wa mbuzi alipeleka habari Abu Zuraf, na siku ya soko iliyofuata Annadif akaja. Aliingia kwa njia kuu, jembe begani, ndoo mkononi, mchana kweupe. Watu walimwona toka mbali. Mtoto mmoja wa muuza nyama alifungua kinywa, mama yake akakiziba kwa kiganja. Annadif akapita kwenye chumvi, akapita kwenye kamba, akapita mbele ya wauza chai.

Muuza chai akamwita, "Annadif! Maji ya kule matamu?"

Akasimama, akafikiri, kwa kuwa ni mtu asiyejibu ovyo. "Yana magadi kidogo," akasema. "Ng'ombe wanayapenda." Akaendelea na njia yake.

Nyumbani Gisma hakuwa mlangoni. Aliogopa. Alikuwa jikoni akichekecha unga uliokwisha kuchekechwa, mgongo wake ukiwa upande wa njia. Alisikia ndoo ikiwekwa chini.

"Hodi," Annadif akasema.

"Hodi ya nini nyumbani kwako?"

"Niliambiwa siujui mlango."

Gisma akageuka na chekecheo mkononi, unga ukimmwagikia miguuni. "Nimeshayala hayo maneno," akasema. "Mbele ya watu. Yalikuwa makavu."

"Nimesikia." Annadif akavua viatu, akaingia, akaketi penye mkeka wake kana kwamba alitoka asubuhi. Akatazama chumba cha pili kilichojengwa kwa sukari ya Muungano. "Hiki nani kajenga? Ukuta umepinda."

"Upinde tu. Utaunyoosha."

"Kesho. Leo nina njaa."

Akampikia asida na mchuzi wa bamia. Alipomaliza kula, Annadif alilala palepale mkekani, adhuhuri, mdomo wazi, na Gisma akakaa kando yake akimpepea nzi mpaka mkono ukamchoka, akahamia mkono wa pili.